Kuchanganya mafuta ya moteri kwenye Hiace kuukuu

Hiace yangu ni ya mwaka 1996. Ina moteri (injini) iitwayo 3L, ile ya mazutu (dizeli) isiyo na turbo, na pamoja na mazutu inakula mafuta ya moteri. Nalisema hilo mapema kwa sababu mabishano yote ya "changanya, usichanganye" yanaanzia hapo. Gari jipya halipunguzi mafuta. Mwenye nalo anafanya vidanje (kumwaga mafuta ya zamani na kuweka mapya), anafunga, anasahau mpaka vidanje nyingine, kwa hiyo hana cha kuchanganya. Ni sisi wenye magari yaliyochakaa huko yalikotoka, yakashushwa bandarini Dar es Salaam na kufika Lubumbashi yakiwa tayari yamechoka, ndio tunaoinua kiti cha mbele (kwenye Hiace moteri iko chini ya kiti) na kukuta mafuta yameshuka tena. Kisha tunasimama mbele ya muuza vipuri tukijiuliza kama bidoni (dumu) aliyonayo itapatana na kilichomo ndani.

Gari langu linabeba unga. Mpwa wangu anaendesha, konvoyere (utingo) anapakia, mimi nalipa. Njia yetu ni Kasumbalesa, mpakani na Zambia, karibu kilometa 90 kutoka mjini, na mara mojamoja Likasi. Mzigo ni mifuko ya kilo 25 inayovuka kutoka Zambia. Mimi sikusomea ufundi. Ninachokijua kimetoka kwenye kulipa bili na kukaa gereji kutwa nzima nikisubiri gari, kwa kuwa mwenye gari asipokaa hapo, vipuri vyake huota miguu.

Gerejini utakuta makundi mawili. La kwanza linaapa kwamba ukichanganya mafuta ya kampuni mbili yataganda kama bukari (ugali) ndani ya karteri, lile bakuli la mafuta chini ya moteri. La pili linasema mafuta ni mafuta, mimina twende. Nimewasikiliza wote kwa miaka, na gari langu limepitia mikono ya pande zote mbili. Kundi la kwanza linaogopa kisichotisha, na kundi la pili haliogopi kinachoua.

Nianze na kisichotisha. Siku moja gari lilikuwa linarudi kutoka Kasumbalesa limejaa, simu yangu ikalia.

"Mama mudogo, taa nyekundu ya mafuta inawaka na kuzima kwenye kona."

"Zima moteri hapo hapo. Vuta joje uniambie."

Joje, kile kijiti cha kupimia mafuta, kilitoka kikavu, kimelowa kwenye ncha tu. Ndani kulikuwa na 15W-40. Kibanda cha karibu kilikuwa na 20W-50 ya kampuni nyingine, basi. Konvoyere akakataa kata kata, akasema wasogee polepole mpaka mjini wakatafute aina ileile. Hapo ndipo watu wanapoua moteri. Taa ile haipimi kiasi cha mafuta; inawaka pale ambapo presha imekaribia kwisha kabisa, maana yake kwenye kona pampu ilikuwa inavuta hewa. Kilometa chache za kusogea polepole na mzigo mgongoni zinatosha kusaga kusineti, yaani beringi ambamo shafti ya moteri inazungukia, na kusineti zikisagika ni kufungua moteri nzima. Nikamwambia mpwa wangu amimine 20W-50, apime, aongeze mpaka katikati ya alama mbili, aje nyumbani. Akaja. Hakuna kilichoganda.

Sababu aliniambia fundi wangu baadaye. Ni mzee aliyejifunzia kazi kwenye karakana za kampuni ya madini ya Gécamines kule Likasi, na ana tabia ya kusoma maandishi ya bidoni yote, hata yale madogo ya nyuma, kabla hajaifungua. Alinionyesha namba. Ile iliyo mbele ya W inaeleza mafuta yanavyotembea moteri ikiwa baridi, na ile ya nyuma inaeleza unene wake yakiwa na joto la nyuzi 100. Katika joto hilo mafuta ya 40 yanatakiwa yawe kati ya sentistoki (kipimo cha unene) 12.5 na 16.3, na ya 50 yanaanzia pale pale, 16.3, mpaka 21.9. Ni majirani wanaogusana ukuta. Ukiongeza lita 1 na nusu ya 20W-50 juu ya lita 4 za 15W-40 unapata kitu kizito kidogo kuliko cha mwanzo, nacho moteri ya 3L inakimeza bila shida.

Akanionyesha pia herufi za API, taasisi ya mafuta ya Marekani. C ni kwa moteri za mazutu, S ni za esanse (petroli). CF-4 ilianza mwaka 1990, CH-4 mwaka 1998, CI-4 mwaka 2002. Kwa moteri ya umri wa yangu, CH-4 au CI-4 inatosha na kuzidi. Na API inataka mafuta yanayobeba alama yake yaweze kuchanganyika na mengine yenye alama hiyo bila kujitenga wala kuganda. Yanapimwa kwa ajili ya hilo. Hadithi ya bukari, basi, haina mashiko kwa mafuta halali ya moteri. Hata yale yanayoitwa sintetiki yanaingia kwenye yale ya kawaida bila ugomvi. Unachopoteza ni pesa, kwa sababu umenunua ubora na kuuzimulia.

Lakini asije mtu akanisingizia kwamba nimesema uchanganye kila siku. Kila kiwanda kinapima dawa zake zikae pamoja: ya kusafisha masizi, ya kuyashikilia yasitulie chini, ya kuzuia chuma kukwaruza chuma, ya kuua povu. Mchanganyiko wako wa barabarani hakuna aliyeupima. Haugandi, ila haujulikani utadumu kwa muda gani. Fundi wangu huuhesabu kwa upande wa yaliyo dhaifu. Kama umeongeza mafuta ya bei ndogo juu ya mafuta mazuri, fanya vidanje kwa ratiba ya yale ya bei ndogo.

Sasa kinachoua.

Lubumbashi ni mji wa madini, na kuna mafuta yanayotembea mitaani kwa jina la "mafuta ya mine". Yanauzwa kwenye bidoni za lita 20, mara nyingi hazina karatasi au karatasi imebanduliwa, na bei yake ni karibu nusu ya dukani. Muuzaji atakuambia ni ya zile kamyo kubwa zinazobeba mawe, kwa hiyo Hiace yako itafurahi. Sitaki kuingia kwenye suala la yametokaje ndani ya ukuta. Hilo kila mtu analijua na dhamiri yake. Nazungumzia kilichomo. Tatizo lake ni kwamba mara nyingine muuzaji anasema kweli. Baadhi ya bidoni hizo zina 15W-40 nzuri ya moteri, na aliyebahatika nayo anakuwa mtangazaji wa bure mtaani. Lakini machimbo yanatumia aina nyingi: mafuta ya moteri, ya idroliki (yale ya kusukuma mikono ya mashine na jeki) ya namba 46 na 68, ya giabox za mashine nzito, ya gia za ekseli. Yote yana rangi ya asali, na kwenye bidoni nyeupe huwezi kuyatofautisha. Hata muuzaji mwenyewe hajui, naye aliuziwa.

Mpwa wangu alinunua moja. Alinunua kwa nia njema, ili kunipunguzia gharama, akaongeza lita 2 kwenye moteri. Safari ya kwanza haikuonyesha kitu. Baada ya hapo taa ikaanza kupepesa gari likisimama na moteri ikinguruma polepole baada ya safari ndefu, wakati kiasi kwenye joje kilikuwa juu. Ukikanyaga kidogo, inazima. Vali nazo zilikuwa zinagonga kwa sauti ambayo si ya kawaida yake. Nikalipeleka gari gereji pamoja na ile bidoni.

Mzee hakugusa gari. Alichukua kipande cha bati, akakiegemeza kwenye tairi juani, akadondosha tone moja kutoka kwenye bidoni ile na tone jingine la 15W-40 kando yake, kwa wakati mmoja. Tone la bidoni likakimbia mpaka chini likadondoka mchangani, la 15W-40 likiwa bado halijafika katikati ya bati. Akachovya kidole gumba, akakisugua na cha shahada, akanusa.

"Mama, hii haiko mafuta ya moteri. Hii ni ya idroliki."

"Papa, imeshaingia ndani."

"Ngapi?"

"Lita mbili."

Akacheka kidogo, akasema tungeleta gari wiki iliyofuata tungekuja nalo kwa kamba.

Idroliki 46 ina sentistoki karibu 46 katika joto la nyuzi 40. Mafuta ya 15W-40 katika joto hilo hilo yanapita 100. Ndiyo maana moteri ilipopata moto presha ikashuka: yale yalikuwa mepesi mno kushikilia shafti isiguse kusineti. Na kuna jambo la pili, ambalo taa haikuonyeshi. Mafuta ya idroliki hayakutengenezwa kukaa na moto wa mazutu. Moteri kama 3L inatoa masizi mengi, na mafuta ya moteri yana dawa ya kuyaweka masizi yakiwa yametawanyika mpaka uyamwage. Ya idroliki hayana dawa hiyo, na yakiingia kwa wingi yanaipunguza nguvu hata ile iliyomo kwenye mafuta mazuri. Masizi yanashikana, yanatulia chini ya karteri, yanaziba wavu wa pampu.

Hilo nililiona kwa macho, kwa kipande cha boksi la sabuni. Mzee alivuta joje moteri ikiwa bado moto, akadondosha tone moja la mafuta ya gari kwenye boksi, akaliweka kivulini. Kabla hatujaondoka tulilitazama. Katikati kulikuwa na doa jeusi zito lenye ukingo mkali, kama limekatwa, na nje yake duara hafifu la manjano. Akalileta boksi jingine alilolifanyia gari la mteja mwingine: pale weusi ulikuwa umesambaa taratibu kutoka katikati kwenda nje, ukififia bila mpaka. Ule unaofifia ni mafuta ambayo bado yanabeba masizi. Wenye ukingo mkali ni mafuta yaliyoelemewa, masizi yamekaa palepale yalipoangukia. Jaribio hilo halina gharama, na tangu hapo nalifanya mwenyewe nyumbani.

Tuliyamwaga yote yakiwa moto ili yatoke na uchafu wake, tukaweka filta mpya na 15W-40 ya CH-4 ya bei ya kawaida. Mzee akasema tusitumie ya gharama kubwa raundi hii, kwa kuwa kazi yake ni kuosha tu. Kilometa 1,000 baadaye tukamwaga tena, filta nyingine, na doa la boksi likawa limerudi kufifia vizuri. Taa haikupepesa tena. Hesabu ya vidanje mbili na filta mbili ilipita mara kadhaa ile pesa iliyookolewa kwenye bidoni. Sikumgombeza mpwa wangu. Nilimpa zile risiti azijumlishe yeye.

Kuna mengine ambayo hayaingii kwenye moteri hata kwa dharura, nayataja haraka. Mafuta ya freni ni sumu kwa mipira na sili za moteri. Mafuta ya giabox ya 80W-90 yanawadanganya watu kwa namba yake. Wanadhani 90 ni nzito kuliko 50, kumbe ni mizani mbili tofauti na unene wake unakaribiana na 40 au 50 ya moteri. Ubaya wake uko kwenye dawa za salfa zilizowekwa kwa ajili ya meno ya gia. Zikipata moto wa moteri zinakula vyuma vyenye shaba, na ndani ya moteri vipo. Katika nchi hii ya shaba ingekuwa aibu kuipoteza kwa namna hiyo. Mafuta ya pikipiki za kuchanganya na esanse nayo hapana.

Na dawa za kopo, zile nzito zinazouzwa kwamba zinaponya moteri inayokula mafuta? Sina ugomvi na anayezinunua akijua anachonunua. Zinaongeza unene, kelele zinapungua kwa muda. Ndizo hizo hizo, au 50 nzito, ambazo anayetaka kukuuzia gari lililochoka anamimina asubuhi ya siku unayokuja kuliona. Ukienda kununua gari, lisikilize likiwa baridi kabisa, kisha likiwa moto baada ya nusu saa, na ukikuta mmiliki ameliwasha kabla hujafika, omba kurudi siku nyingine.

Unene una matumizi yake halali lakini. Hapa kwetu asubuhi za Juni na Julai joto linashuka chini ya nyuzi 10, na Hiace inaondoka kabla ya jua. Mafuta yakiwa mazito mno wakati huo, starta inalia kwa uchungu na sehemu za juu za moteri zinasubiri mafuta sekunde ambazo si zake. Msimu huo tunaongeza 15W-40 tupu. Oktoba, jua linapochoma na mifuko ikiwa mpaka darini, mzee mwenyewe anaongeza 20W-50 juu ya 15W-40, makusudi, kwa sababu moteri yenye umri huu ina nafasi kubwa kati ya vyuma na presha inapungua ikiwa moto. Yeye anayesoma kila herufi ya bidoni anachanganya, tena bila wasiwasi. Anajua kilichomo ndani ya gari na kilichomo mkononi mwake.

Weusi wa mafuta nao unawasumbua watu bure. Mazutu yanayachafua ndani ya siku chache tu baada ya vidanje. Mafuta yanayobaki masafi kwenye moteri ya namna hii ndiyo ya kutilia shaka, maana hayaoshi kitu. Rangi ya kuogopa ni ile ya maziwa kwenye joje, kwani inaonyesha maji yanaingia kutoka rediyeta. Na hata hapo tulia kidogo: povu jeupe chini ya kifuniko tu, msimu wa baridi, kwa gari linaloenda safari fupi, mara nyingi ni jasho la moteri. Na kiasi kikipanda chenyewe bila mtu kuongeza, nusa joje. Likitoa harufu ya mazutu, sindano zinazonyunyizia mazutu zinavuja na mafuta yako yanazimuliwa kutoka ndani, bila bidoni ya mtu yeyote.

Kilichobadilisha gharama zangu ni daftari. Liko kwenye droo ya gari, na mpwa wangu anaandika kilometa na kiasi alichoongeza, kila anapoongeza. Anapima gari likiwa sehemu tambarare, limezimwa kwa dakika kama kumi, joje linafutwa kwanza kwa kitambaa. Kwenye magari mengi kutoka alama ya chini hadi ya juu ni kama lita 1, kwa hiyo hakuna sababu ya kumimina kwa kukisia. Kuzidisha nako ni ugonjwa: shafti inapiga mafuta yanakuwa povu, na pampu haisukumi povu. Kwenye mazutu kuna baya zaidi, mafuta yaliyozidi yanaweza kuvutwa kupitia bomba la kupumulia, moteri ikayachoma kama mazutu na kukataa kuzimika hata ukitoa funguo.

Daftari ndilo lililotuonyesha kwamba gari linakula mafuta zaidi likipanda na mzigo wa Likasi kuliko wa Kasumbalesa, na kwamba kuna mwezi ulaji ulipanda ghafla. Mzee alipoingia chini ya gari akakuta sili ya nyuma ya shafti inadondosha. Kumbe sehemu kubwa ya tulichokuwa tunadhani kinaungua kilikuwa kinaachwa barabarani. Sili ikabadilishwa, na sasa bidoni ya lita 5 ya akiba, ya namba ileile na yenye kifuniko kisichofunguliwa, inakaa nyuma ya kiti muda mrefu kuliko zamani. Kifuniko nakikagua mwenyewe dukani, pete yake ikiwa imekatika siinunui, kwa sababu bidoni za kampuni zinazojulikana zinaokotwa na kujazwa upya.

Ile idroliki iliyobaki, karibu lita 18, ilikaa uani wiki kadhaa. Kumwaga chini sikutaka, kisima cha jirani kiko karibu. Mwishowe kwado wa njia panda, anayeziba matairi yetu, akaja akaiona akauliza kama inauzwa. Kriki (jeki) yake ya chupa ilikuwa imeishiwa mafuta na ilikuwa haipandi na gari lenye mzigo. Ile ndiyo kazi yake hasa. Nikampa bure, tukakubaliana kwamba bidoni aiandike kwa rangi nyekundu IDROLIKI, pande zote mbili, asije akamuuzia mtu.